Uongo, Kosa au Siasa? Lugha ya Majibu kwa Uhakiki wa Kauli za Kisiasa Mitandaoni, kwa Mtazamo wa Matinyani

Utangulizi

Matinyani ni mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Kitui Magharibi. Nyingine ni Mutonguni, Kauwi na Kwa Mutonga/Kithumula. Mkazi wa hapo aghalabu huamka kwa Kikamba, husikiliza Musyi FM kwa Kikamba, na alisomeshwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Anapofungua simu yake jioni hukutana na lugha hizo tatu katika ukurasa mmoja, pamoja na Sheng iliyofika kutoka Nairobi. Ni katika ukurasa huo ambapo habari za siasa humfikia. Ni hapo hapo pia ambapo, mara moja moja, humfikia taarifa ya kumwambia kwamba jambo alilolisoma jana halikuwa kweli. Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa kuijibu taarifa hiyo ya pili.

Kazi ya kuzipima kauli za wanasiasa kwa ushahidi na kutangaza matokeo hadharani ina mashirika yake. Africa Check lilianzishwa mwaka wa 2012 huko Afrika Kusini na baadaye likafungua ofisi Nairobi. PesaCheck lilianza nchini Kenya mwaka wa 2016, awali likijishughulisha zaidi na kauli zinazohusu fedha za umma. Vyombo vya habari navyo, shirika la AFP likiwa miongoni mwavyo, vina madawati ya kazi hiyo. Kwa Kiswahili shughuli yenyewe haijapata jina moja: wapo wanaoiita ukaguzi wa ukweli, wengine uthibitishaji wa habari, na wengine uhakiki wa taarifa. Hapa litatumika neno uhakiki. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea uhakiki wa riwaya na tamthilia asishangae, kwani neno hilo ni ndugu wa hakika, na kuhakiki kitu ni kukitafutia uhakika kabla ya kuwa kukichambua kisanaa. Fasihi ndiyo iliyoazima.

Kuhusu data, tahadhari moja inafaa. Kauli za majibu zinazotajwa humu zimeundwa kwa kufuata mitindo ambayo kila mtumiaji wa Facebook, WhatsApp au X (Twitter ya zamani) nchini Kenya amekwisha kuikuta mara nyingi. Hakuna iliyonukuliwa kutoka kwa mtu fulani. Hakuna hesabu inayotolewa ya ni mara ngapi kila mtindo hutokea. Kinachotafutwa ni umbo la majibu, na sababu ya umbo hilo.

Mia moja na nukta sifuri moja

Mfano wa kutosha umo katika uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022. Tarehe 15 Agosti hayati Wafula Chebukati, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), alimtangaza William Ruto mshindi wa urais. Ruto alipewa kura 7,176,141 (asilimia 50.49), hayati Raila Odinga 6,942,930 (asilimia 48.85), George Wajackoyah 61,969 (asilimia 0.44) na David Mwaure Waihiga 31,987 (asilimia 0.23). Makamishna wanne kati ya saba waliyakataa matokeo hayo. Siku iliyofuata, katika hoteli ya Serena jijini Nairobi, makamu mwenyekiti Juliana Cherera alisoma taarifa kwa niaba yao. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba asilimia hizo nne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni sawa na takriban kura 142,000.

Jumla ya 100.01 ni sahihi. Yeyote anaweza kuzijumlisha. Tatizo liko katika tafsiri yake. Kura zote nne zikijumlishwa ni 14,213,027. Asilimia moja ya hizo ni kama kura 142,130, asilimia 0.01 ni kura 1,421 tu. Na hata hizo 1,421 hazikuwa kura za mtu yeyote. Asilimia za wagombea wote wanne zilikuwa zimekadiriwa kwa kupandishwa juu kidogo. Zikiandikwa kwa nafasi tatu za desimali zinakuwa 50.490, 48.849, 0.436 na 0.225, na jumla yake ni 100.000 kamili. Ziada imeyeyuka. Wahakiki na vyombo vya habari kadhaa walilieleza jambo hilo mara tu taarifa iliposomwa. Ni hesabu ya shule ya msingi, na kikokotoo kimo katika kila simu.

Ni lazima kusema kwa nini hesabu hiyo haikuwa mchezo kwa wapiga kura wa Kitui. Wakamba wa Kitui, Machakos na Makueni walikuwa wamempigia Odinga kwa wingi, naye Kalonzo Musyoka, mzaliwa wa Tseikuru katika kaunti hiyo hiyo ya Kitui, alikuwa nguzo ya muungano wake. Katiba inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Ruto aliivuka nusu kwa kura kama 69,600. Iwapo pangekuwapo kweli kura 142,000 za kughushi, tena za upande mmoja, basi angeshuka chini ya nusu na nchi ingerudi debeni kwa duru ya pili. Kwa hiyo, aliyekuwa akisoma maelezo ya desimali akiwa Matinyani alikuwa akiambiwa kwamba mlango wa mwisho wa matumaini yake umechorwa ukutani tu. Mtu katika hali hiyo hasomi hesabu kama mwanafunzi aliye darasani.

Hata hivyo, huzuni peke yake haielezi umbo la majibu. Majibu yaliyozoeleka kwa taarifa za aina hiyo hayasemi, "Hesabu yenu ina kosa hapa." Husema: "Mmelipwa ngapi?" Husema: "Nani kawatuma?" Au husema tu: "Waongo ninyi." Hoja inaletwa kuhusu nambari, nalo jibu linarudi kuhusu watu. Swali la makala haya ni kuruka huko kutoka nambari hadi mtu, na dai lake ni kwamba sehemu ya sababu imo katika neno la hukumu ambalo uhakiki wenyewe hulitumia.

Uongo na majirani zake

Taarifa nyingi za uhakiki huandikwa kwanza kwa Kiingereza, na desturi ya baadhi ya mashirika ni kuanza kichwa cha habari kwa neno moja la hukumu kwa herufi kubwa. Neno lenyewe kwa Kiingereza huihusu kauli: kauli si ya kweli, basi. Kiingereza kina neno jingine kabisa kwa kitendo cha mtu kusema asilolisadiki kwa nia ya kulaghai. Mfasiri anapovuka kuja Kiswahili, neno lililo karibu na mkono wake ni uongo. Neno hilo hubeba maana zote mbili kwa pamoja.

Pasipo kuingia katika historia yake ya kale, mofolojia yake ya sasa inatosha kuonyesha tatizo. Uongo umekaa katika ngeli ya U- pamoja na uvivu, uchoyo, ulafi, wizi na uchawi. Kila mojawapo ina mwenyewe katika ngeli ya A-WA: mvivu, mchoyo, mlafi, mwizi, mchawi, na mwongo. Haya ni majina ya tabia. Hayaelei hewani, hutafuta mtu wa kuyabeba. Anayesikia kwamba pametokea wizi huuliza mwizi ni nani, na anayesikia kwamba pamesemwa uongo huuliza mwongo ni nani. Hata methali haikusema kwamba njia ya uongo ni fupi. Ilisema njia ya mwongo.

Kosa ni tofauti. Limo katika ngeli ya LI-YA pamoja na jiwe na jembe, na linaweza kulala mezani bila mwenyewe. Mtu husema "pana kosa katika hesabu hii" na mazungumzo yakaendelea bila mtu kuinuka kitini. Vitenzi navyo vimegawanyika vivyo hivyo. Kudanganya kunahitaji yambwa: kuna anayedanganya na kuna anayedanganywa. Kwa hiyo taarifa inayosema "wananchi wamedanganywa" huwatukana watu wawili kwa mkupuo mmoja, wa kwanza kwa hila na wa pili kwa ujinga, na huyo wa pili ndiye msomaji. Kukosea hakuhitaji yambwa. Kupotosha kuko katikati: ni kauli ya kutendesha, lakini lina potoka pembeni yake, na mtu anaweza kusema "taarifa imepotoka" bila kumnyooshea yeyote kidole.

Warudishwe sasa makamishna wa Serena. Je, ile 142,000 ilikuwa uongo au kosa? Uhakiki ulionyesha kwamba nukta ilihamishwa nafasi mbili na kwamba ukadiriaji ulisahauliwa. Haukuonyesha, wala haukuwa na njia ya kuonyesha, kilichokuwamo moyoni mwa aliyesoma. Kwa ushahidi uliokuwapo, neno linalostahili ni kosa. Anayeliita uongo amedai jambo la ziada ambalo hakulithibitisha, na msomaji mwenye uchungu hulihisi dai hilo la ziada mara moja, hata kama hana istilahi za kulieleza. Hulijibu hilo. Nambari huachwa pale pale.

Brown na Levinson, katika kazi yao ya 1987 kuhusu adabu katika lugha, wanatumia dhana ya uso: heshima ambayo kila msemaji huilinda mbele ya wenzake, na ambayo vitendo fulani vya lugha huitisha. Kusahihisha ni kitendo cha kutisha uso popote pale. Katika jamii ambamo mdogo hamwambii mzee "umesema uongo" hata pale anapojua kwamba mzee amekosea, bali husema "labda hapo umeteleza kidogo", neno uongo likipigwa kwa herufi kubwa juu ya picha ya kiongozi anayeheshimiwa si sahihisho tena. Ni tusi. Na tusi hujibiwa kwa tusi.

Njiani kutoka Nairobi

Safari ya neno haiishii kwenye Kiswahili. Mjadala wa siasa sokoni Matinyani, au katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo, ni wa Kikamba kwa sehemu kubwa, na humo hukumu hufika kama ũvũngũ. Neno hilo nalo ni la uongo kwa maana zote mbili. Kikamba kina kitenzi cha kukosea, kũvĩtya, lakini hakitumiki kufasiri kichwa cha habari kilichokwisha kusema uongo. Neno la Nairobi lililokuwa baridi limepata moto kidogo Kiswahilini, na linapofika nyumbani linachemka.

Lipo pia jambo dogo la bando. Kiungo cha taarifa ndefu hula data, na anayenunua data ya siku moja kwa shilingi chache hatafungua ukurasa wenye majedwali. Husoma kichwa cha habari na kutazama picha. Maelezo yote mazuri ya desimali yamo ndani, nyuma ya kiungo. Kilichomfikia ni neno la hukumu na uso wa mtu. Wenye kuuandaa uhakiki huenda huona kwamba kazi yao ni ile aya ya tano yenye hesabu. Kwa msomaji huyu kazi yao yote ni neno la kwanza.

Eti, mbona, hata kama

Majibu yenyewe yana sarufi yake, na baadhi ya vipashio vyake ni vya Kiswahili cha zamani kabisa.

Cha kwanza ni eti, ambacho Wakenya wengi hukitamka ati. "Ati ni kosa la desimali!" Hiki ni kijineno cha kuripoti maneno ya mwingine bila kuyakubali. Msemaji hakanushi; huyarudia maneno ya mhakiki na kuyaning'iniza mbele ya watu ili yachekwe. Uzuri wake, kwa mtumiaji, ni kwamba hakimdai hoja. Mhakiki akiuliza "unapinga nini hasa?" hakuna kilichopingwa. Lugha nyingine hulazimika kutumia alama za mtajo au sauti ya kejeli kwa kazi inayofanywa hapa na silabi mbili.

Cha pili ni mbona. Si sawa na kwa nini. Kwa nini huomba sababu. Mbona hulaumu kwanza. "Mbona hamkuchunguza ahadi za wale wenzao?" Kwa mbona, mada hutoka kwenye kauli iliyohakikiwa na kwenda kwa mhakiki na upande anaodhaniwa kuupendelea. Viambishi husaidia: m- ya wingi katika hamkuchunguza na mmelipwa hutumiwa hata pale mwandishi wa taarifa ni mmoja na jina lake limo juu yake. Humgeuza mtu mmoja kuwa kambi.

Cha tatu, na pengine kizito kuliko vyote, ni hata kama. "Hata kama si kura 142,000, kuna kitu kilifanyika." Hapa nambari imekubaliwa kuwa na kosa, lakini kukubaliwa kwake hakubadilishi chochote, kwa sababu nambari haikuwa msingi wa imani; ilikuwa pambo lake. Nyuma ya hata kama hukaa methali ambayo hutajwa mara kwa mara katika mabishano haya: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali inayompa uvumi hati ya kuingia mjini kabla ya ushahidi. Mhakiki hana methali yenye nguvu kama hiyo upande wake.

Isidhaniwe kwamba hata kama ni ya wajinga. Katika uchaguzi wa Agosti 2017 waangalizi wa kimataifa walikwisha kuusifu upigaji kura, na waliolalamika wakashauriwa kutulia. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa urais kwa dosari na ukiukaji wa sheria, hasa katika upeperushaji wa matokeo, na ikabainisha kwamba tume haikutii kikamilifu agizo la kufungua sava zake zikaguliwe. Tangu hapo "fungua sava" limekuwa jibu la mkato kwa yeyote anayetetea matokeo. Mwaka wa 2022 mahakama hiyo hiyo iliyatupa malalamiko kwa kauli moja tarehe 5 Septemba, baada ya fomu za 34A kuwekwa wazi katika tovuti ambamo raia yeyote angeweza kuzijumlisha. Mazingira yalikuwa yamebadilika, msemo haukubadilika. Lakini aliyejifunza mwaka wa 2017 kwamba wanaosema "yote ni shwari" wanaweza kukosea alikuwa amejifunza jambo la kweli.

"Hizo ni siasa"

Kuna jibu moja ambalo halina ghadhabu yoyote, nalo huenda ndilo linalouzuia uhakiki zaidi: "Hizo ni siasa tu." Katika Kiswahili cha Kenya, neno siasa limepata maana ya pili nje ya utawala. "Acha siasa" huambiwa mwenye duka anayezungushazungusha bei, au kijana anayeahidi kulipa deni kesho. Siasa kwa maana hii ni maneno yasiyokusudiwa kupimwa. Porojo iko jirani, na propaganda, ambayo Wakenya wameifanya yao, iko nyumba ya pili.

Grice (1975) alieleza kwamba mazungumzo huendeshwa kwa kanuni kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba msemaji asiseme analoliamini kuwa si kweli. Ikiwa wasikilizaji wamekwisha kukubaliana kwamba jukwaani kanuni hiyo imesimamishwa, basi ahadi ya mgombea haidai kuwa kweli wala haiwezi kuwa uongo. Ni kama chumvi katika majigambo. Kuihakiki ni sawa na kumuuliza manju wa ngoma ushahidi wa sifa anazojipa. Mwenye kusema "hizo ni siasa" hamtetei mwanasiasa. Anamwona mhakiki kuwa mtu asiyejua aina ya usemi anaoushughulikia.

Ni msimamo wenye busara kwa ahadi. Hauna busara kwa nambari za kura, wala kwa kauli kuhusu kodi, dawa au mbegu, ambazo msikilizaji atazitegemea kuamua jambo. Tatizo ni kwamba neno siasa halibagui. Hufunika ahadi ya barabara na takwimu ya bajeti kwa blanketi moja.

Maneno yaliyopo

Kiswahili hakikosi msamiati wa kuhukumu kauli bila kumhukumu msemaji. Africa Check hutumia viwango kadhaa, na vingi vyavyo vina Kiswahili kizuri kinachosubiri tu kutumiwa: imetiwa chumvi, imepunguzwa, haijathibitishwa, inapotosha. Zaidi ya hivyo yapo maneno ya wafanyabiashara na mafundi. Mwenye duka anayekagua daftari husema hesabu haitimii; hasemi karani ni mwizi mpaka amhakikishe. Fundi husema kipimo kimepita. "Hesabu haitimii: 0.01 ni kura 1,421, si 142,000." Kichwa cha habari cha namna hiyo kina faida mbili: hakina mtu ndani yake, na kimeileta hesabu mbele ya kiungo, mahali ambapo asiye na bando ataiona.

Uongo ubakizwe kwa panapostahili. Picha iliyounganishwa kwa kompyuta, barua yenye nembo ya kughushi, gazeti bandia lenye ukurasa wa kwanza usiowahi kuchapishwa: hivi havitokei kwa kuteleza. Yuko aliyekaa akavitengeneza, na neno linalomtafuta mwenyewe ndilo hasa linalohitajika. Likitumiwa pia kwa desimali iliyohama, halitabaki na nguvu siku ya barua ya kughushi.

Linabaki neno moja la majibu ambalo halijatajwa, kwa kuwa huonekana kwa nadra. Ni kumbe. "Kumbe asilimia moja ndiyo kura laki moja na arubaini!" Kumbe hutamkwa na aliyegundua jambo ambalo hakulijua, na sarufi yake haimlazimishi kukiri kwamba alikuwa amekosea, wala kwamba mwingine alikuwa sahihi. Aliyekuwa akisema eti asubuhi anaweza kusema kumbe jioni na asipoteze uso. Lakini haliwezi kufuata kila kauli. Anayeambiwa "hesabu haitimii" anaweza kuifanya hesabu mwenyewe na kujibu kwa kumbe. Anayeambiwa kwamba kiongozi wake ni mwongo na kwamba yeye amedanganywa hana mahali pa kuliweka neno hilo. Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, na asilimia zitakadiriwa tena.